Moshi Katika Chupa za Kurudi Jua

Kwenye harusi zetu za hapa Birmingham, ukishakaa na sahani yako ya pilau, swali la kwanza ni wewe mtoto wa nani, la pili ni unafanya kazi wapi. La kwanza nalijibu vizuri. La pili ndilo lililokuwa likinitoa jasho.

"Napima hewa," nilikuwa nikisema.

"Hewa ya wapi?"

"Ya ncha ya kusini ya dunia. Kule kwenye barafu."

"Umeshafika?"

"Hapana. Inaletwa."

Hapo mama aliyeuliza hutafuna kwanza, akanitazama kwa huruma, kisha akamnong'oneza jirani yake, mnong'ono unaosikika mpaka jikoni, kwamba maskini yule dada anasafisha maabara lakini anaona haya kusema. Basi miaka sita nzima nimepewa pole kwenye harusi za watu. Kuna mmoja alinitafutia kazi ya kufua mashuka, na nilipoikataa akaninunia mpaka leo.

Wallahi nilikuwa nasema kweli. Kule kwenye barafu kuna kituo, na kila wiki mtu mmoja hutoka nje na chupa ya kioo mkononi. Huelekeza uso kwenye upepo, hushika pumzi ili asije akachanganya hewa ya dunia na hewa ya chai yake ya asubuhi, hufungua valvu, chupa ikajaa, akafunga, akaandika tarehe. Chupa hukaa kwenye kreti mpaka meli ije, na meli huja mara moja kwa mwaka. Ikishuka Uingereza, lori huleta kreti Birmingham, na kreti hushushwa mpaka kwangu: chumba cha chini kabisa cha jengo la chuo, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mifagio na harufu yake haijasahau.

Mle ndani nilikuwa na mashine yangu. Naifunga chupa kwenye mrija, pampu inavuta, mashine inaniambia kuna nini humo. Si ile hewa ya ukaa inayojulikana na kila mtu. Nilikuwa natafuta gesi chache mno, chache kama punje moja ya pilipili manga iliyopotea kwenye masufuria ya harusi mia. Na gesi hizo zina majira yake. Kule nusu mwaka ni giza, nusu mwaka ni jua. Jua likiwepo, mwanga wake huzila gesi nyingi na hewa husafika; giza likiingia, zinarundikana. Ukizichora mwaka hadi mwaka unaona mstari unapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilikuwa naupenda mstari ule. Hilo sikulisema harusini, maana pole ningepewa mara mbili.

Mkuu wangu alikuwa profesa mmoja wa hapa hapa, anayekaa Moseley kwenye nyumba kubwa ya zamani yenye vyumba visivyo na watu. Huja kazini kwa baiskeli, hupika mkate wake mwenyewe, na kila Jumatatu hutuletea kipande. Ule mkate, subhanallah, ukimrushia mwizi utafungwa wewe. Kule kwenye barafu alikwenda mara moja, siku tisa, na siku hizo tisa amezisimulia miaka kumi na minane bila kuchoka. Kofia ya sufu aliyopewa huko huivaa mpaka mwezi wa sita, watu wakiwa wamelala bustanini wameachia matumbo kwenye jua.

Sikumchukia. Nilikuwa namhitaji, na mtu unayemhitaji huna nafasi ya kumchukia vizuri. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ulikuwa umefanywa upya mara tano, kila mara wiki ya mwisho kabisa, nikiwa nimeshavimba macho. Kabla ya hapo, pamoja na shahada yangu ya kemia, nilifanya kazi kwenye duka kubwa kule Longbridge, palipokuwa na kiwanda cha magari zamani. Nilikuwa napanga sabuni. Nilizipanga miaka minne, lebo mbele, pengo hakuna. Nikiota vibaya mpaka leo naota sabuni.

Basi mwaka huo wa sita Profesa akaniita, akafuta unga kwenye shati, akaniambia mwezi wa tatu wafadhili watakuja. Wakiukubali mradi wake mpya, pesa zitapatikana za kuifanya nafasi yangu kuwa ya kudumu.

"Ya kudumu kabisa?" nikauliza.

"Mpaka utakapostaafu," akasema.

Mimi nilirudi chini nikaifunga chupa kinyumenyume kwa furaha.

Lakini ili wafadhili wakubali, ilibidi tuwe na jambo jipya la kuwaonyesha. Na jambo lilikuwa limeshaanza kujitokeza, kwenye vipimo vyangu mimi. Kuna gesi moja inayozaliwa na moshi wa miti ikiungua. Jina lake la kisayansi ni refu kama treni ya mizigo, kwa hiyo hapa nitaiita gesi ya moshi. Katika chupa zilizojazwa wakati jua linaporudi baada ya ile miezi ya giza, gesi ya moshi ilikuwa inaruka juu. Miezi mingine yote kimya. Jua likirudi tu, hiyo! Kinundu kikubwa kwenye mstari, huhitaji miwani kukiona.

Profesa alikipenda kinundu kile kama mjukuu. Akawa anashuka chini kila Ijumaa kukitazama kikizaliwa, maana chupa za kurudi jua nilikuwa nazipima Ijumaa. Huo ulikuwa utaratibu wake yeye: chupa hizo ndizo za thamani, na ndani ya kila moja mna hewa ya kupima mara mbili tu, basi zisubiri mwisho wa wiki, mashine ikiwa imeshapata moto na kutulia. Utaratibu wa busara sana. Nami nikaufuata kama aya.

"Unajua huu ni moshi wa wapi?" akaniuliza siku moja, macho yanameremeta.

"Wa wapi?"

"Wa kwenu."

Alimaanisha Afrika. Kwake yeye Afrika ni mtaa mmoja, nami nakaa nyumba ya pili kushoto. Alikuwa ameshajenga hadithi nzima: akina mama wa Afrika wanapika kwa mkaa, moshi unapanda, upepo unauzungusha, na jua likirudi kule kusini ukuta wa hewa baridi unalegea, moshi unaingia. Nilimwambia kwamba mama yangu kule Unguja anapikia gesi ya mtungi na jiko la mkaa hulitoa siku ya mikate ya kumimina tu. Akacheka kwa heshima, kama vile nimesema utani wa kienyeji.

Sasa nisimulie habari ya udi, maana bila udi hakuna hadithi.

Kwetu Ijumaa haiingii hivi hivi. Nguo zinafukizwa. Mama yangu hunitumia udi kwa kila anayesafiri, ule aliouloweka mwenyewe kwa mawaridi na sukari, na Ijumaa asubuhi nauweka kwenye chetezo juu ya kaa la moto, nafunika tenga juu yake, natandaza baibui, mtandio na koti langu la baridi, moshi unapita ndani ya kila uzi. Katika nyumba zetu za Bordesley Green, zilizobanana ukuta kwa ukuta, ibada hiyo huambatana na king'ora cha moshi. Kikianza kulia binti yangu hutoka chumbani na taulo, analipunga chini ya king'ora, ananitazama kama mtu aliyefungiwa na kichaa. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila kujibu hajibu. "Mum, seriously?" Kila Ijumaa hilo hilo. Ndiyo salamu yetu.

Nikitoka hapo nanukia mpaka mtaa wa pili. Mwenyewe siisikii. Nani anayeisikia harufu ya nyumba yake?

Asubuhi hizo nilikuwa nasubiri basi pamoja na shoga yangu mmoja, Mkenya, nesi kwenye wodi ya wagonjwa wa mapafu. Yeye mlokole, mimi Mwislamu, na tulichokuwa nacho pamoja ni basi lile na ulimi. Ijumaa moja, wiki mbili kabla ya wafadhili, nikamkuta kafura.

"Aki dada, leo usinikaribie," akaniambia, akarudi nyuma hatua mbili. "Mkubwa wa wodi ametuandikia email. Hakuna perfume, hakuna spray, hata lotion yenye harufu, wagonjwa wanakohoa. Na wewe na hiyo coat yako, utaniulia mtu."

"Koti langu lina nini?"

"Lina nini! Kila Friday nakusikia kutoka pale kwa kona kabla sijakuona. Nyinyi watu wa Zanzibar mnafukiza hadi paka."

"Na siku nyingine je?"

"Siku nyingine unanukia tu kama mtu wa kawaida."

Nikacheka. Nikapanda basi nikikaa mbali naye kwa adabu. Nilikuwa nimefika kituo cha tatu hivi, dirisha limejaa mvua, ndipo kicheko kikanikauka. Ijumaa. Moshi wa miti. Siku nyingine kimya.

Koti langu nilikuwa nalitundika wapi? Chumba kile kina msumari mmoja tu, juu ya hita, ili nguo zikauke na mvua ya mji huu. Na chini ya msumari, mkono mmoja tu, unapita mrija wa mashine. Na kwenye mrija ule palikuwa na nati iliyolegea. Nati hiyo nilikuwa nimeiandika kwenye daftari la maabara mara tatu, kwa wino: inavuja, ibadilishwe. Profesa alijibu mara tatu kwamba itaagizwa, tuzungushie tepu kwanza. Siku za kawaida ilikuwa inanyonya hewa ya chumba iliyochujwa na hakuna aliyeona tofauti. Siku ya Ijumaa ilikuwa inanyonya koti langu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyowaambia watoto. Sisi tulijenga ukuta, tukaupaka rangi, na tukawaalika wafadhili waje wautazame.

Nilitaka nisiamini. Kwa hiyo nikalipima, maana kazi yangu ni kupima. Jumanne nilikuja na koti lililofukizwa, nikalitundika pale pale, nikafunga chupa ya zamani ya miezi ya jua kali, ile kubwa ya akiba yenye hewa ya vipimo vingi, ambayo majibu yake nilikuwa nayajua. Kinundu kikaja, kizuri, kinene. Jumatano nikaliacha koti nyumbani, nikatetemeka njia nzima, nikapima chupa ile ile. Hakuna kitu. Alhamisi nikaning'iniza koti tena, nikaikaza nati kwa spana mpaka ikalia. Hakuna kitu. Nikakaa kwenye kiti changu nikalia, na sioni haya kusema. Hewa ya majira mazima, mtu kaikusanya kwenye baridi ya kukata masikio, nami nimeiharibu kwa kujipamba. Na hakuna ya kurudia: kila chupa ya kurudi jua nilikuwa nimeshaipima mara mbili, Ijumaa mbili.

Nilipomsimulia shoga yangu kituoni alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Lakini si nyinyi wenyewe mnasema kikulacho ki nguoni mwako?" Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Sasa hiyo job?"

Hilo ndilo lililokuwa limenilaza macho. Kinundu kikifa, mradi unakufa, na nafasi yangu inakufa nao. Nilipiga moyo konde nikapanda kwa Profesa na karatasi zangu tatu, siku tatu kabla ya wafadhili.

Alizisoma zote. Si mjinga yule, tena nilimwona akielewa, rangi inamtoka kuanzia masikioni. Akakata kipande cha mkate, hakukila.

"Inawezekana," akasema taratibu, "kwamba sehemu ya moshi ni koti, na sehemu ni halisi."

"Sehemu gani?"

"Hatujui."

"Ndiyo, hatujui. Tuwaambie hatujui."

"Tutawaambia," akasema. "Baadaye. Siku ile tusiwachanganye. Wewe unaitaka ile nafasi, sivyo?"

Nami nikanyamaza. Msinitazame hivyo. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, na binti anayetaka kwenda chuo, na miaka minne ya sabuni nyuma yangu. Nikashuka chini na karatasi zangu, nikaziweka kwenye droo, nikajiambia kwamba baadaye ni karibu.

Wafadhili wakaja sita. Ukumbini palikuwa na kahawa, biskuti, na mkate wa Profesa ambao wageni waliugusa kwa heshima na kuuacha. Mimi nilikaa safu ya nyuma kwenye viti vya mafundi. Profesa alisimulia siku zake tisa. Akaonyesha mstari wangu ukipanda na kushuka, na kinundu changu kikang'aa ukutani, kikubwa kama mlango. Halafu akabonyeza, ikaja picha.

Mwanamke wa Kiafrika. Kafunga kanga kifuani, kainama juu ya jiko la mkaa, mtoto mgongoni, machozi ya moshi yanamtoka. Picha ya kununuliwa mtandaoni, hata jiko lenyewe limewekwa sufuria tupu. Juu yake pameandikwa kwamba jiko lake limefika mpaka ncha ya dunia. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kwa masikitiko.

Nikajizuia. Nikahesabu biskuti.

Ndipo mzee mmoja wa upande wa wafadhili, mwenye tai ya picha za samaki, akageuka nyuma akanitafuta kwa macho. Akasema kwa upole wote wa duniani kwamba amefurahi kuona kuna mwenzetu atokaye huko, na je, ningeweza kuwaeleza kidogo, kwa uzoefu wangu mwenyewe, kuhusu huu moshi?

Baadaye watu walinisifu eti nilikuwa jasiri. Uongo mtupu. Ningekuwa jasiri ningesema siku tatu kabla. Mimi nilikasirika tu.

Nikasimama. "Naam, moshi huu naujua vizuri," nikasema. "Haukutoka Afrika. Umetoka Bordesley Green, nyumbani kwangu, kila Ijumaa saa moja asubuhi. Ni udi. Unakaa kwenye koti langu, na koti langu linakaa juu ya mrija unaovuja, na uvujaji huo umeandikwa kwenye daftari mara tatu. Nina vipimo. Yule mama mwacheni apike."

Yule mzee wa tai ya samaki akavuta pumzi kidogo puani.

"Nilidhani ni ua," akasema. "Ni harufu nzuri sana."

Basi. Mradi haukukubaliwa. Profesa hakunifokea, wenzetu hawa hawafoki, wanaacha kukuletea mkate. Jumatatu iliyofuata vipande vilikuwa vinne na sisi tulikuwa watano. Nikapata barua ya kunishukuru kwa mchango wangu mkubwa na kunifahamisha kwamba mkataba ukiisha mwisho wa mwezi wa saba hautafanywa upya. Na ripoti fupi ikaandikwa ya kueleza kosa: vipimo viliharibiwa na mazoea binafsi ya kitamaduni ya mfanyakazi mmoja. Nati haikutajwa. Nati ni Mwingereza, ina haki zake.

Jambo moja zaidi lilinibidi, na hilo lilinichoma kuliko barua. Kule kituoni, aliyejaza chupa zile alikuwa dada mmoja kijana ambaye sijawahi kumwona, tunajuana kwa email na kwa mwandiko wake kwenye lebo. Nilimwandikia nikamweleza yote, koti, udi, nati. Zikapita siku mbili. Halafu akaandika mstari mmoja: kwa hiyo nilishika pumzi bure? Nikamjibu samahani, na samahani ile niliiandika nikiwa nimesimama, sijui kwa nini.

Mwezi wa sita kreti mpya ikafika. Nilikuwa na wiki sita za mkataba. Ningeweza kukaa nikila chai, nani angeniuliza? Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu hupenda kufanya kazi. Nati mpya niliinunua mwenyewe, nikaifunga. Msumari nikaung'oa. Utaratibu wa Ijumaa nikautupa: chupa za miezi yote nikazichanganya kama karata, nikawa naokota bila kutazama tarehe, na nguo zangu nikizifua kwa sabuni isiyo na harufu. Mama alipopiga simu kuuliza kama udi umefika, nilimwambia umefika na nikabadilisha mazungumzo. Wiki tano nzima sikunukia chochote. Mtu hujisikia uchi.

Nilipomaliza, nikazipanga tarehe, nikachora mstari. Ukapanda kwenye giza, ukashuka kwenye jua kali, kama kawaida yake. Na pale jua linaporudi, palikuwa na kinundu.

Kidogo. Kama upele kando ya kile cha kwanza. Nikakirudia, kikawepo. Nikabadilisha siku, mrija, mtungi wa gesi ya kulinganishia. Kikawepo. Moshi ulikuwa unafika kule kweli. Wa wapi, sijui. Misitu inaungua dunia nzima, majani ya nyika yanaungua, na ule mstari hauna pasipoti. Lakini upo. Nilifurahi na nikatukana kwa pamoja, maana mtu pekee wa kuutetea sasa alikuwa mimi, niliyesimama mbele ya watu nikasema haupo.

Nikampelekea Profesa. Akaufuata mstari kwa kidole.

"Tatizo," akasema, na hakuwa na ubaya, "ni kwamba wewe hawatakuamini."

"Pima wewe, basi."

Akakohoa. Alikuwa hajui hata swichi ya mashine iko wapi. Ameiandikia makala miaka kumi na minane, hajaigusa.

Chupa moja ya kurudi jua ilikuwa imebaki na hewa ya kipimo kimoja. Nikamshusha chini. Nikamvua koti, nikamvua na ile kofia, nikamwambia anawe mikono. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nami nikatoka nikasimama koridoni, mlango wazi, nikamwelekeza kutoka huko: valvu ya kushoto, Profesa. Siyo hiyo, hiyo ni swichi ya taa. Taratibu. Ngoja mpaka sindano itulie. Sasa fungua. Ikachukua dakika arobaini kazi ninayoifanya kwa kumi, na mwishoni namba ikaja kwenye skrini, na ilikuwa ile ile yangu.

"Upo," akasema. Akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alitabasamu. "Upo kweli!"

"Ndiyo," nikasema. "Sasa funga valvu."

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza siku nne, nazo zikaisha. Makala ilitoka mwezi wa kumi. Binti yangu ndiye aliyeniletea kwenye simu yake, na kwa mara ya kwanza katika umri wake alinisomea kitu na kunitafsiria kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, Kiswahili chake cha kukwama kwama, kama vile mimi ndiye nisiyejua Kiingereza. Jina langu halimo. Imeandikwa kwamba moshi unafika ncha ya kusini jua linaporudi, kiasi kidogo, bila shaka yoyote. Imeandikwa kwamba kipimo cha uthibitisho kilichukuliwa na Profesa mwenyewe, kwa mkono wake, na kwamba katika chumba hapakuwa na mtu mwingine.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta neno la uongo nimshitakie. Sijaliona hata moja.